Kila Nikiingia Nyumbani, Mtandao Unakatika

Nyumbani kwetu ipo sheria iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi na kubandikwa kwenye mlango wa jokofu. Inasema kwamba mashine ya michezo haiwashwi kabla ya swala ya Isha, haiwashwi kabla ya kazi za shule kukamilika, na huzimwa saa tatu na nusu usiku. Chini yake zipo saini tatu: yangu, ya mke wangu na ya kijana wetu aliye kidato cha tatu. Kwa upande wangu niliahidi jambo moja tu, kwamba masharti yakitimizwa, muda ule ni wake na sitauingilia. Ninayoyaeleza hapa yanahusu ahadi hiyo, na jinsi ilivyokaribia kuharibu jambo zito kuliko mchezo wa mpira wa kwenye kioo.

Mashine yenyewe ni zawadi. Ndugu yangu anayeishi Muscat na familia yake alimletea kijana miaka mitatu iliyopita alipokuja likizo. Mwanawe ni wa umri mmoja na wangu. Walilelewa pamoja Tanga hadi walipofika miaka tisa. Tangu wenzetu wahamie Oman, vijana hawa wawili hukutana mtandaoni, kila mmoja amevaa vifaa vya masikioni, wakicheza upande mmoja na kuzungumza. Saa ya Muscat imetangulia yetu kwa saa moja. Sisi tukiwa saa mbili usiku, wao ni saa tatu, na mama yake yule kijana haruhusu mchezo upite saa nne na nusu. Kipindi chao ni kifupi, nao wanakithamini.

Matatizo yalianza mwezi wa Shawwal. Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Nikitoka kazini hufikia msikitini kwa Maghrib, hukaa hapo hadi Isha, kisha husikiliza darsa fupi. Kijana husali Isha nasi na kurejea nyumbani mara baada ya swala. Mchezo wake ukianza ulikwenda vizuri kwa nusu saa hivi. Kisha wachezaji wakawa wanaganda, mpira unaruka kutoka kona moja hadi nyingine, na maandishi yanatokea kwamba muunganisho umepotea. Mchezo wa aina ile humhesabia aliyekatika kuwa ameshindwa, hata kama alikuwa anaongoza. Wenzake wa Muscat wakaanza kumwita mkimbizi. Walisema anachomoa waya akiona anakaribia kufungwa.

Usiku mmoja nilipoingia na kuvua viatu nilimkuta amesimama sebuleni.

“Baba, kwa nini unakata mtandao?”

Nilimwambia sijakata kitu. Akasema, kwa adabu lakini bila kuinamisha uso, “Kila ukiingia, unakatika. Si mara moja, si mara mbili. Kama hutaki nicheze, niambie. Ulitia saini.”

Nikaapa. Nikasema, “Wallahi, sijaugusa.” Akanitazama kwa muda, akasema, “Haya, baba,” akaenda kulala. Neno hilo lina sauti nyingi katika Kiswahili. Ile haikuwa sauti ya kukubali.

Siku zilizofuata alisali safu ya nyuma, akatoka kabla yangu na kurudi kwa njia ya sokoni ili tusiandamane. Nami nikaanza kujenga dhana zangu. Nilijiambia kwamba anatafuta kisingizio cha kununuliwa mashine mpya. Kisha nikafikiria baya zaidi. Nilikwisha kusikia kuhusu michezo inayowauzia watoto visanduku vya bahati, ambapo mchezaji hulipa pasipo kujua atapata nini, jambo linalofanana mno na kamari. Huenda kijana ameingizwa humo, na habari hizi za kukatika ni pazia. Basi usiku mmoja alipokuwa amelala niliichukua simu yake, nikasoma ujumbe wa miamala ya fedha, mmoja baada ya mwingine. Sikukuta kitu. Niliirudisha mahali pake, na wala sikujisikia mtu aliyeshinda.

Tazama, msomaji, jinsi mnyororo ulivyokuwa umejifunga. Vijana wa Muscat walimdhania mwanangu kuwa mwoga. Mwanangu alinidhania mimi kuwa mvunja ahadi. Mimi nilimdhania yeye kuwa mlaghai. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na hakuna aliyekuwa ameuchunguza.

Aliyetutoa humo ni kijana mmoja fundi wa kompyuta anayesali nasi. Nilimweleza baada ya swala, nikitarajia aniambie kwamba kosa ni la kampuni ya simu tunayoilipa, kwa kuwa nyumba yetu hupata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, nchi nzima ilionja shida, na tangu hapo nilizoea kuitupia bahari kila lawama. Yeye hakulaumu mtu. Alisema, “Mzee, mtandao wa nyumbani ni mnyororo. Mashine inazungumza na ruta, ruta inazungumza na mnara, mnara unazungumza na dunia. Ukiuliza nani amekata, mtagombana. Ulizeni ni kiungo kipi kimelegea.” Akanipa kazi ya kufanya, kwa sharti kwamba niifanye pamoja na mwanangu.

Nilimwomba kijana anisaidie. Alikubali kwa upole wa mtu asiyetegemea kitu.

Tulianza na umeme. Ruta ikizimika na kuwaka, taa zake zote hupotea kisha hurejea moja moja, na huchukua dakika moja au mbili kabla ya mtandao kurudi. Tuliikuta imechomekwa kwenye soketi ya kurefusha iliyolegea, tukaibadilisha. Hata hivyo, usiku ule mchezo ulipokatika tulikuwa tumeikazia macho ruta, na hakuna taa iliyozimika. Umeme haukuwa na hatia.

Tukaja kwenye mahali ilipowekwa. Mke wangu alikuwa ameihifadhi ndani ya kabati la vioo, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Mawimbi ya waifai hudhoofishwa na kuta za zege na vitu vya chuma, na kifaa chenye joto kali hufanya kazi kwa kusuasua. Tuliitoa, tukaiweka juu karibu na dirisha linaloelekea upande wa mnara. Kasi iliongezeka kidogo, lakini kukatika hakukukoma.

Hatua ya tatu ilikuwa kuondoa waifai kabisa katika shauri. Mtaa wetu una nyumba zilizobanana, na kila nyumba ina ruta yake. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ni kama nyumba ishirini zinazopigiana kelele kupitia madirisha matatu. Hata tanuri la maikrowevu hutoa mawimbi katika masafa hayohayo. Tulinunua waya wa mtandao wa mita 15, tukaupitisha pembezoni mwa ukuta kutoka ruta hadi kwenye mashine ya michezo. Mwanangu alifurahi. Usiku ule aliniambia, “Sasa haiwezi kukatika.” Tulirudi pamoja kutoka msikitini, nikaacha darsa ili nishuhudie. Haikufika hata dakika tano, wachezaji wakaganda.

Nakiri kwamba nilihuzunika kuliko yeye. Lakini fundi alipopata habari alifurahi. Alisema kwamba waya umetuambia jambo kubwa: tatizo si waifai, na sasa tunaweza kuacha kuitafuta huko. Akatufundisha kipimo kiitwacho pingi. Katika kompyuta mpakato ya dada yake kijana tulifungua madirisha mawili meusi ya maandishi. Moja lilituma salamu kila sekunde kwa ruta yetu, na la pili lilituma salamu kama hiyo kwa seva iliyo mbali, huko duniani. Kila salamu ikijibiwa, kompyuta huandika muda uliotumika kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Madirisha yote mawili yakikwama, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Likikwama la pili peke yake, ugonjwa uko baada ya ruta.

Tulikaa sakafuni, yeye na mchezo wake, mimi na madirisha yangu. Ruta ilijibu kwa milisekunde moja. Seva ya mbali ilijibu kwa milisekunde 90 hivi. Mara ile ya pili ikapanda: 400, 900, 2,300, kisha maandishi kwamba muda umekwisha bila jibu. Ruta iliendelea kujibu kwa milisekunde moja, kana kwamba hakuna lililotokea. Niliinuka kwa ushindi. “Umeona? Si humu ndani. Ni wao!” Nilikuwa tayari nimeshika simu ili niwapigie watoa huduma na kuwaambia maneno ambayo, alhamdulillahi, sikuwahi kuyasema.

Maana fundi alikuwa ametupa kazi ya mwisho, nayo ilikuwa daftari. Tuandike kila usiku saa ya kukatika, saa ya kurejea, na jambo lolote lililokuwa likiendelea nyumbani. Tuliandika kwa siku kumi. Katika siku hizo nilisafiri kwenda Morogoro kwa kazi ya siku mbili. Niliporudi, binti yetu wa mwisho mwenye miaka tisa alikuwa amelishika daftari akisoma kwa sauti, kisha akasema bila ubaya wowote, “Baba, ulipokuwa Morogoro mtandao haukukatika.”

Chumba kilinyamaza. Mwanangu aliangalia pembeni. Alikuwa ameliona jambo hilo kabla ya mdogo wake, na hakutaka kulisema.

Nilichukua daftari nikasoma mwenyewe. Usiku niliochelewa darsani, mtandao ulichelewa kukatika. Usiku niliowahi, uliwahi. Na kila mara ulirejea baada ya kama dakika ishirini. Kitu kimoja tu kilinitetea: Jumapili, siku ambayo hushinda nyumbani, haukukatika hata mara moja. Kwa hiyo haikuwa mimi tu. Ilikuwa mimi ninapotoka kazini.

Nilipompelekea fundi daftari, aliuliza swali moja. “Mzee, ukitoka kazini unarudi na nini?”

Nikasema, “Mkoba, chombo cha chakula, na simu.”

Akacheka, akaomba simu.

Msomaji, mwezi ule wa Shawwal mwenye jengo ninalolisimamia alianza kutaka picha na video za maendeleo ya kazi kila siku. Nilinunua simu yenye kamera nzuri kwa ajili hiyo. Simu hiyo imewekewa utaratibu wa kuhifadhi nakala za picha na video mtandaoni, na kwa kuhurumia kifurushi cha mwenyewe, husubiri hadi ikute waifai ndipo ianze kupakia. Mchana kutwa husubiri. Nikifika mlangoni, kabla sijavua viatu, huitambua ruta ya nyumbani na kuanza kutuma mzigo wote wa siku. Video zangu za siku moja zilikuwa kama megabaiti 300, ambazo ni megabiti 2,400. Njia yetu ya kupakia ina mwendo wa kama megabiti 2 kwa sekunde. Gawanya, utapata sekunde 1,200, yaani dakika 20 kamili zilizokuwamo daftarini.

Na mchezo unadhurika vipi? Data ya mchezo ni ndogo mno. Kinachotakiwa ni ifike kwa wakati. Fikiria kichochoro chembamba. Mtoto kwa baiskeli anapeleka barua kila mara, naye hupita kwa wepesi. Mara yanaingia malori ya mchanga, moja nyuma ya jingine. Kichochoro hakijazibwa wala barua haijapotea, ila baiskeli imekaa nyuma ya malori. Barua inafika baada ya sekunde mbili tatu, na mchezo uliokuwa ukiisubiri umekwisha kuamua kwamba mwenye barua ameondoka. Mtu anayesoma habari mtandaoni wakati huo huona ukurasa umechelewa kidogo tu, ndiyo maana hakuna mwingine nyumbani aliyelalamika.

Tulihakikisha siku ileile. Nilizima waifai ya simu yangu, jibu la seva likarudi milisekunde 90. Nikaiwasha, likapanda kupita 2,000. Tulirudia mara tatu mbele ya mwanangu. Mara ya tatu aliiwasha na kuizima yeye mwenyewe.

Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Kila nikiingia, mtandao ulikatika, na aliyeukata nilikuwa mimi. Nami nilikuwa nimesema kweli pia, kwamba mkono wangu haukuugusa. Nilimuuliza imamu wetu kuhusu kiapo kile. Alinituliza kwamba sikuapa juu ya jambo nililolijua kuwa ni uongo. Lakini aliongeza kuwa jina la Mwenyezi Mungu si msumari wa kupigiliwa kila ubao unaolegea, na kwamba baba aliyeaminiwa haharakishi kuapa, husema, “Hebu tuangalie.”

Usiku ule nilimwomba radhi mwanangu. Nilimweleza pia kwamba niliifungua simu yake. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na aya ya 12 inatukataza dhana nyingi na kupelelezana, yote mawili pamoja. Nimezisikia aya hizo katika darsa zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu, na bado dhana ilinipeleka moja kwa moja kwenye upelelezi, katika mpangilio uleule.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, “Nilijua, baba. Uliacha ukurasa wazi.”

Baadaye akaongeza, “Na mimi nina kosa. Nilimwambia ami kwamba unaapa uongo.”

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sikutaka kuliandika. Mimi na ndugu yangu hatukuwa tumezungumza kwa miezi saba. Lilikuwa shauri la mirathi, nyumba ya marehemu baba yetu Tanga, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemficha hesabu za kodi. Tulitumiana maneno kupitia watu. Watoto wetu ndio pekee waliobaki wakiunga udugu, kwa nusu saa ya usiku ambayo simu yangu ilikuwa ikiikata.

Nilimuuliza, “Ami yako alisemaje?”

“Alisema, ‘Baba yako namjua tangu utotoni. Hawezi kuapa kwa jina la Mungu akaongopa. Tafuteni sababu nyingine.’”

Sikuweza kumjibu mwanangu mara moja. Mtu niliyekuwa nimemdhania kuwa mwizi wa haki yangu alikuwa amekataa kunidhania mimi, na hakuwa na daftari wala kipimo chochote mkononi.

Kesho yake baada ya Alfajiri nilimpigia. Tuliongea muda mrefu kuhusu watoto, kuhusu joto la Muscat, kuhusu kaburi la mama linalohitaji kusafishwa. Habari ya nyumba tuliigusa mwishoni tu. Hatukuimaliza, lakini tulikubaliana kwamba kila mmoja aandike hesabu anazozijua, tarehe kwa tarehe, kisha tuziweke pamoja mbele ya mtu mwenye elimu ya mirathi. Nilimwambia nina uzoefu wa daftari.

Kwa wazazi wenzangu wenye shida kama yetu, mpangilio ni huu. Angalieni taa za ruta kabla ya kulaumiana. Itoeni ruta kabatini. Jaribuni kwa waya kabla ya kununua kifaa kingine. Pimeni kwa pingi, kwa ruta na kwa nje. Na mkiona nje ndiko kulikokwama, msiharakishe kuilaumu kampuni: ulizeni kwanza nani ndani ya nyumba anapakia au kupakua kitu kizito, kwani simu za watu wazima huhifadhi nakala kimyakimya, na hata mashine ya michezo hujipakulia masasisho yake. Zipo ruta zinazoweza kugawa mwendo ili kifaa kimoja kisimeze njia yote. Kwetu ilitosha kuzima utaratibu wa kuhifadhi nakala wenyewe kwa wenyewe. Sasa naufungua kwa mkono baada ya swala ya Alfajiri, na video zinapakia wakati ninaposoma Qur’ani na nyumba imetulia.

Juzi nilikaa karibu na kijana akicheza. Aliondoa kifaa kimoja cha sikio akanipa. Nikasikia sauti iliyokwisha kuwa nzito, ya mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli Tanga: “Assalaam alaykum, ami. Shikamoo.” Nikaitikia. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ndiye niliyewafungisha mechi tisa. Nikakubali kosa, mbele ya mashahidi wa nchi mbili.

Mwenyezi Mungu atulindie nyumba zetu na dhana, na atupe subira ya kuchunguza kabla ya kuhukumu. Amin.